Dopamini na Mwendo wa Mwili: Maelezo kwa Kiswahili, kwa Kuzingatia Hali ya Butembo na Beni

1.0 Utangulizi

Binadamu anyanyuapo kikombe cha chai, hafikirii ni misuli mingapi ikazwe na mingapi ilegezwe. Hukitaka kikombe, na mkono ukaenda. Wepesi huu wa kila siku huwafanya watu wengi waamini kwamba kutenda ni jambo la nia na nguvu tu: mwenye nia na misuli hutembea, na asiyetembea ama hataki ama hana nguvu. Lakini wako watu wenye nia kamili na misuli isiyo na kasoro ambao husimama mlangoni wakashindwa kuinua mguu kuvuka kizingiti. Kinachowapungukia ni dopamini, kemikali itengenezwayo na kundi dogo la seli zilizomo ndani ya ubongo.

Makala haya yanakusudia kueleza namna seli hizo zinavyosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na kudokeza matatizo ya lugha yajitokezayo pindi jambo hili lielezwapo kwa Kiswahili. Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni miji ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miji hii imetengana kwa kilomita zipatazo 54. Wenyeji wake wengi ni Wanande, nao nyumbani husema Kinande. Kifaransa ni lugha ya darasani na ya maandishi ya serikali, ilhali Kiswahili ni kiungo cha sokoni, njiani na katika kituo cha afya. Daktari aliyefunzwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, hujifunza habari za ubongo kwa Kifaransa, kisha hutakiwa kuzieleza kwa Kiswahili kwa mzee aliyeletwa na wanawe. Pengo baina ya lugha hizi mbili si la kinadharia. Kama itakavyoonekana, huweza kuamua iwapo mgonjwa atatibiwa au ataitwa mvivu, mlevi au mtu aliyerogwa.

2.0 Ubongo na Breki ya Mwendo

Amri ya kutenda hutoka katika gamba la ubongo, hupitia katika uti wa mgongo, na kuifikia misuli kwa njia ya neva. Nyuroni za dopamini hazimo katika msafara huo. Mtu aliyezipoteza hapoozi: misuli yake hubaki na nguvu, na akipimwa huweza kusukuma na kuvuta. Basi, kazi yake ni nini?

Chini ya gamba la ubongo mna viini kadhaa vilivyounganishwa kama kamati ndogo. Kimoja, ambacho hapa kitaitwa kiini cha mistari kwa sababu ya sura yake, hupokea mashauri kutoka karibu kila sehemu ya gamba. Kingine ni kiini cha kutolea uamuzi. Ajabu ya kiini hiki cha pili ni kwamba katika hali ya kawaida hakinyamazi: muda wote hupeleka ishara za kuzuia, na kwa ishara hizo huifunga njia ambayo kwayo gamba la ubongo huchochewa kuanzisha mwendo. Kwa maneno mengine, mwili wa binadamu huishi ukiwa umekanyagiwa breki.

Mfano wa karibu ni chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kibebacho viazi, makaa na mbao katika njia za Kivu ya Kaskazini. Chukudu iliyojaa mzigo juu ya mlima haihitaji kusukumwa ili iteremke; uzito wake watosha. Kinachohitajika ni mguu wa mwendeshaji: ukikandamiza gurudumu, chombo husimama, ukilegea kwa kipimo, huenda, ukilegea kupita kiasi, hukimbia ovyo. Ubongo nao una mizigo mingi ya mwendo iliyo tayari kuteremka. Ustadi wake umo katika kulegeza breki kwa ule mwendo mmoja unaotakiwa na kuikaza kwa mingine yote.

Kazi hiyo hufanywa na njia mbili zitokazo katika kiini cha mistari. Ya kwanza, iitwayo njia ya moja kwa moja, hukinyamazisha kiini cha kutolea uamuzi, na hivyo hulegeza breki. Ya pili, njia ya mzunguko, hukichochea kiini hichohicho, na hivyo hukaza breki. Dopamini huzifikia njia zote mbili, lakini hugusa vipokezi vya aina mbili tofauti. Seli za njia ya kwanza zina vipokezi viitwavyo D1, na dopamini huzitia nguvu. Seli za njia ya pili zina vipokezi viitwavyo D2, na dopamini huzipunguza nguvu. Matokeo ya yote mawili ni mamoja: breki hulegea. Dopamini ikipungua, njia ya kulegeza hudhoofika na njia ya kukaza hushamiri. Ndipo mtu ataka kwenda na mwili unakataa.

3.0 Seli Zenyewe

Nyuroni za dopamini zihusikazo hasa na mwendo zimo katika ubongo wa kati, mahali ambapo wanasayansi hupaita kwa Kilatini substantia nigra, yaani kitu cheusi. Weusi huo unatokana na rangi ijilimbikizayo ndani ya seli kadiri umri unavyosogea, na huonekana kwa macho matupu ubongo ukipasuliwa. Katika ubongo wenye mabilioni ya seli, nyuroni za dopamini za ubongo wa kati hukadiriwa kuwa laki chache tu. Uchache huo hufidiwa na matawi: inakadiriwa kwamba nyuroni moja ya aina hii huweza kufanya maungano laki kadhaa na seli nyingine. Hivyo kufa kwa seli moja ni kukatika kwa njia nyingi mno.

Dopamini hutengenezwa kwa hatua. Asidi-amino iitwayo tairosini, ipatikanayo katika vyakula vya protini, hugeuzwa kuwa levodopa, na levodopa hugeuzwa kuwa dopamini. Hatua hii ya kati ina umuhimu mkubwa katika tiba, kwa sababu dopamini yenyewe haiwezi kupenya ukuta ulindao ubongo dhidi ya vitu vilivyomo katika damu, ilhali levodopa hupenya.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba dopamini hufanya kazi kama mafuta ya taa: maadamu yamo ndani ya kandili, mwanga huwaka. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba wakati nao una maana. Mwaka 2018 watafiti wa Lisbon, Ureno, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya panya. Walitumia mwanga kuwasha na kuzima nyuroni hizi kwa muda mfupi sana. Waliona kwamba nyingi miongoni mwa seli hizo huchangamka kabla tu ya panya kuanza kwenda. Zikichochewa wakati mnyama ametulia, uwezekano wa kuanza mwendo huongezeka, na mwendo wenyewe huwa wa nguvu zaidi. Zikizimwa wakati mnyama ametulia, huchelewa kuanza. Lakini zikizimwa wakati tayari yumo mwendoni, mwendo huendelea. Basi dopamini hufanana na mtu afunguaye lango na kuamua msafara utoke kwa ari gani. Akishaufungua, msafara hujiendea.

Jambo hili linaeleza hali inayowashangaza watu wa nyumbani mwa mgonjwa. Mzee hushindwa kuinuka kitini kwa dakika kadhaa, lakini akishashikwa mkono na kupiga hatua tatu, hutembea. Wasiojua husema anajifanya. Kumbe tatizo lake liko langoni.

4.0 Mizizi ya Kongo na Sungura wa Sweden

Historia ya ugunduzi wa dopamini ina fungu linalogusa misitu ya Kongo. Mwaka 1952 ilitengwa kemikali iitwayo reserpini kutoka katika mmea wa Kihindi wa jamii ya Rauvolfia, nayo ikatumiwa kutibu shinikizo la damu na wendawazimu. Mmea wa Kiafrika wa jamii hiyohiyo, Rauvolfia vomitoria, huota katika misitu ya Kongo. Una reserpini nyingi, na kwa miaka mingi mizizi yake iliuzwa nje kutoka Kongo kwa ajili ya viwanda vya madawa.

Reserpini ina tabia ya kuzimaliza akiba za dopamini ndani ya nyuroni. Mwaka 1957, huko Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa wanyama dawa hiyo, na sungura wakabaki wamejiinamia, masikio yameanguka, hawasogei. Walipodungwa levodopa, waliinuka na kwenda. Hadi wakati huo wataalamu wengi waliiona dopamini kuwa hatua tu ya kutengenezea kemikali nyingine. Carlsson alidai kuwa ni tarishi kamili wa ubongo, na mwaka 2000 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wawili wengine. Mwaka 1960, mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, wakakuta kiini cha mistari kimepungukiwa sana na dopamini. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza walidungwa levodopa, na waliokuwa hawawezi kuketi wakaketi.

5.0 Upungufu wa Dopamini: Ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Mwingereza, James Parkinson, mwaka 1817. Dalili zake kuu ni nne: uzito wa mwendo, kutetemeka kwa kiungo kilichopumzika, kukakamaa kwa misuli, na baadaye kuyumba. Huanza polepole, aghalabu upande mmoja wa mwili. Mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia, uso hupoteza ishara zake, na hatua huwa fupi za kuburuta. Dalili hazionekani mpaka sehemu kubwa ya nyuroni, inayokadiriwa kuwa nusu au zaidi, iwe imekwisha kufa.

Wako wanaodhani kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, unasaidia kuiondoa dhana hiyo. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071 na kuwapata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo. Walikuwa wakiishi na ugonjwa wenye dawa, huku wao na jamaa zao wakidhani ni uzee. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika wilaya yenye amani na barabara, ni vyepesi kukisia ilivyo katika vijiji vinavyozunguka Beni, ambako mauaji yaliyoanza Oktoba mwaka 2014 yamewahamisha watu mara kwa mara na kuwafanya wengi wasikifikie kituo cha afya.

Tiba kuu ni levodopa ikichanganywa na karbidopa, ambayo huizuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika ubongoni. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hauponyi, lakini humrudishia mtu uwezo wa kujilisha na kutembea kwa miaka. Inafaa kutaja hapa kwamba mbegu za upupu, mmea ule ambao watoto huutumia kuwasha wenzao, zina levodopa ya asili kwa kiasi kipatacho asilimia 4 hadi 6. Jaribio lililofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18, na kuchapishwa mwaka 2017, lilionyesha kuwa unga wa mbegu hizo huweza kufanya kazi kama dawa ya dukani. Hata hivyo, kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na kuzidisha kipimo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo. Haifai mtu ajitibu kwa upupu bila usimamizi wa mganga wa hospitali.

6.0 Dawa Zizibazo Vipokezi

Hadi hapa imezungumzwa hali ambamo dopamini yenyewe imepungua. Iko hali nyingine ambamo dopamini imo tele, lakini milango yake imezibwa. Haloperidoli na klopromazini, dawa zitumiwazo kutibu wendawazimu, huziba vipokezi vya D2. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, nayo hufanya vivyo hivyo. Dawa zote tatu ni halali na zina manufaa makubwa. Katika nchi iliyojeruhiwa na vita, wako wengi wanaozihitaji. Lakini msomaji aliyeifuata hoja ya breki ataona mara moja hatari iliyopo: kipokezi cha D2 kikizibwa, njia ya kukaza breki huachwa ishamiri.

Matokeo huja kwa sura mbili. Ya kwanza hutokea upesi, ndani ya saa au siku chache, hasa kwa watoto na vijana. Shingo hupinda upande, macho huviringika juu, ulimi hutoka nje, taya hukaza, na mgongo huweza kujikunja kama upinde. Lakini mgonjwa ana fahamu zake na husikia kila neno. Ni picha ya kutisha, na ni rahisi kudhaniwa kuwa ni pepopunda, degedege au mapepo. Wazazi wakimkimbiza kijana kwenye maombi ya usiku kucha, hawakosi upendo. Wamekosa habari moja tu, kwamba dawa aliyomezeshwa jana ndiyo sababu. Hali hii hutibika, na aghalabu sindano ya dawa kama biperideni huikomesha kwa muda mfupi.

Sura ya pili hujitokeza taratibu, baada ya majuma au miezi: mgonjwa huwa mzito, hukakamaa na kutetemeka kama mwenye ugonjwa wa Parkinson. Jamaa huweza kudhani kuwa wazimu umezidi, na mhudumu asiye mwangalifu akaongeza dawa ileile iliyoleta tatizo. Njia ya busara ni kumrudisha mgonjwa kwa mganga pamoja na dawa zote anazotumia, ili kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe. Kuacha ghafla bila ushauri nako ni hatari, kwani ugonjwa wa awali huweza kurudi kwa nguvu.

7.0 Si Kila Asiyetembea

Ni lazima kuonya pia kwamba si kila kasoro ya mwendo yatokana na dopamini. Kiarusi huja ghafla na kuondoa nguvu za upande mmoja. Konzo, ugonjwa ulioelezwa na madaktari huko Kwango, magharibi mwa Kongo, mwaka 1938, nao huja ghafla, huikaza miguu yote miwili, na haumwachi aliyepatwa. Huhusishwa na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha pamoja na uhaba wa protini, nao huharibu zile nyuroni zipelekazo amri kwenye uti wa mgongo. Mwenye konzo amepoteza mjumbe wa amri. Mwenye Parkinson amepoteza mfungua lango. Levodopa humfaa wa pili, si wa kwanza.

8.0 Suala la Istilahi

Maelezo yaliyotangulia yamelazimika kuchagua maneno, na kila uchaguzi una athari zake. Kwanza, neno mshipa. Katika matumizi ya kawaida hutaja njia ya damu, neva, kano, na hata maradhi ya ngiri au busha. Mgonjwa akiambiwa kwamba mishipa yake ya kichwa ina tatizo, huweza kufikiri damu yake imechafuka. Kwa hiyo neva na nyuroni, ijapokuwa ni maneno ya kigeni, yana faida ya kutobeba mzigo wa maana za awali.

Pili, neno kupooza. Katika masikio ya waumini wengi wa Butembo na Beni, neno hili lina mwangwi wa Biblia: mwenye kupooza ni yule aliyelala juu ya kitanda asiweze lolote. James Parkinson mwenyewe aliuita ugonjwa huu kupooza kwa kutetemeka, na istilahi hiyo imepotosha hata madaktari, kwa kuwa nguvu za misuli hazipotei. Uzito wa mwendo ni maneno sahihi zaidi, na hayahitaji kamusi.

Tatu, kutetemeka. Neno hili linajulikana, lakini homa hutetemesha, baridi hutetemesha, na hofu pia. Kinachobainisha ni kwamba mkono hutetemeka ukiwa umepumzika mapajani na hutulia unapotumika. Sentensi moja ya namna hiyo ina faida kuliko istilahi kumi.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi ya aina hiyo ni msingi wa lazima. Lakini Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kisemacho mutu na mukono, kimekua nje ya shule za Kiswahili sanifu, na istilahi za Dar es Salaam hazikifikii zenyewe. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambao uliziumiza sana Beni na Butembo, ulitoa funzo chungu. Shirika la Translators without Borders lilibainisha kwamba maelezo ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakueleweka vema na wengi, nao walihitaji kuambiwa kwa lugha waisemayo. Mahali ambapo maelezo hayaeleweki, uvumi hujaza nafasi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nyuroni za dopamini haziamuru misuli, bali hulegeza breki ambayo ubongo umejiwekea, na huamua mwendo uanze lini na kwa ari gani. Aidha, yameonyesha njia mbili ambazo kwazo kazi hiyo huvurugika: kufa kwa seli zenyewe, na kuzibwa kwa vipokezi vyake na dawa. Ya kwanza hupunguzwa makali. Ya pili, mara nyingi, huondolewa kabisa ikitambuliwa mapema.

Kutambua huanza na swali, na swali huulizwa kwa lugha. Mhudumu wa Butembo aulizaye kwa Kiswahili cha mahali pale, "Alikunywa dawa gani juzi?", na mwana amwambiaye mama yake kwamba baba si mvivu, wote wawili wanafanya kazi ya sayansi. Wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa utabibu wanayo hapa kazi ya kufanya pamoja: kukusanya maneno ambayo watu wenyewe hutumia kuelezea miili yao, kuyapima, na kuyaingiza katika mafunzo ya wahudumu wa afya. Kazi hiyo haihitaji maabara ya gharama, bali sikio na daftari.